Povu Mbele ya Wakwe

Jamani, leo nimeaibika. Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa majirani.

Asubuhi watu wa Lupiro wamevuka mto kuja kumposa mdogo wangu Felista. Baba alishafariki, kwa hiyo msemaji wa nyumba ni mimi. Mnawajua wazee wetu wa huku: kabla hawajauliza kama binti anajua kupika, wanauliza kama kwenu kuna kifafa. Felista anampenda huyo kijana. Jana aliniomba jambo moja tu, "Kaka, kesho usilete vituko."

Nikataka wageni wawakute wanangu wasafi. Nilikuwa nimenunua kwa Mhindi dawa ya meno, ile ya kukamua (sisi tumekua na mkaa na kijiti, na meno tunayo). Kwenye boksi wamechora mswaki uliojaa dawa mwanzo mpaka mwisho. Nikawakamulia watoto hivyo hivyo, mmoja ana miaka mitatu, mwenzake mitano. Kumbe tamu. Hawakutema, wakanyonya mswaki na kuomba tena. Nikawaongeza (baba mwema), nikawaacha uani na miswaki yao mdomoni.

Wageni wakafika, tukaamkiana, wakakaa. Mzee wao akakohoa kidogo.

"Mwanangu, katika ukoo huu, ugonjwa wa kuanguka upo?"

"Haupo, mzee. Haujawahi kuwapo."

Hapo watoto wakatoka uani mbio, povu jeupe mpaka kidevuni. Mdogo akajikwaa, akaanguka miguuni pa mzee.

Shangazi wa kijana akavuta kikapu chake karibu.

"Ni dawa ya meno tu," nikasema. Mzee akavuta miguu yake nyuma. Basi nikachukua mswaki mkononi mwa mtoto mkubwa, nikatoa dawa mfukoni (niliiweka humo ionekane), nikaanza kusugua mbele yao. Povu likajaa mdomo. Sasa niliteme wapi? Kutema mate mbele ya wakwe ni kuwatukana. Nikafumba mdomo, nikameza. Likakataa, likatokea puani. Machozi yakanitoka, nikapunga mikono kuomba maji.

"Na baba yao pia," mzee akasema. "Mshikeni. Mlazeni ubavu."

Wakanilaza. Wanaume watatu, mmoja kanikalia miguu.

Aliyeniokoa ni Felista, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana. Alitoka na kata ya maji, akapiga magoti, akawaamkia, kisha akampa shangazi ile dawa ainuse.

"Mtoto mdogo anawekewa kiasi cha punje ya njegere, na anafundishwa kutema," akasema. "Nesi wa misheni alitueleza. Kaka hakuuliza."

Shangazi akapaka kidoleni, akasugua jino, akaenda nyuma ya nyumba kutema. Alirudi anacheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Alimtazama Felista, akanitazama mimi pale mkekani.

"Binti tunamtaka," akasema. "Msemaji tafuteni mwingine."

Posa imepokelewa, na nimefurahi kweli. Siku ya harusi atasema mjomba. Mimi nimepangiwa kuwafuta watoto midomo.