Chembe za Nano na Ufunguo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mama mkwe amekwenda kumwuguza dada yake na ameniachia ufunguo wa mashine ya kusaga nafaka. Mimi! Si shemeji, mwanawe wa kumzaa, ambaye ni fundi wa injini na hachoki kutukumbusha. Tena akaniita "mwanangu". Miaka sita ya ndoa, hajawahi. Nilijifanya nakohoa ili nisilie. Amesema akirudi Jumamosi akaikuta mashine nzima, ufunguo utabaki kwangu moja kwa moja. Nimeuvaa shingoni.

Tatizo dogo: injini inatoa moshi mweusi na inachechemea. Inatumia biodizeli, ile inayotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyochakaa. Shemeji anashauri tubadilishe chujio. Chujio! Mtu huyu hana upeo.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kwenye simu. Watafiti hutia chembe za nano kwenye biodizeli, mafuta yanaungua vizuri, moshi unapungua. Chembe zenyewe ni za alumini, au kitu cha ukoo huo. Alumini nyumbani tunayo. Nimepiga tupa mfuniko wa sufuria mchana kutwa, kisha nikachekecha unga wake kwa mtandio wa mke wangu. Chembe za nano hazionekani kwa macho. Nikachungulia bakuli: sikuona kitu. Nimefaulu!

Kwa usalama nikaongeza na zile zinazoonekana.

Jumatano, 5 Machi

Chembe nilizotia kwenye dumu la biodizeli zimezama chini. Nikasoma tena: watafiti huzichanganya kwa mawimbi ya sauti. Nikaazima spika ya jirani yetu kinyozi, nikaielekeza kwenye dumu. Muziki tangu asubuhi hadi saa kumi. Kinyozi akaja kuuliza sherehe ni ya nani. Nikamwambia ni ya mafuta. Aliondoka huku akigeuka nyuma kila hatua. Mke wangu naye ameuliza mfuniko uko wapi. Nimemjibu uko kazini. Amefunika sufuria kwa sahani.

Alhamisi, 6 Machi

Bado zimelala. Nimebadilisha wimbo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetia mafuta yangu kwenye tangi la injini! Injini ilinguruma dakika nne, naapa, kwa sauti tamu. Nikawaambia wateja watazame bomba, moshi umekwisha. Kweli ulikuwa umekwisha. Injini ilikuwa imezimika.

Foleni ya ndoo ikafika mlangoni. Nikatangaza kwamba chembe zinapumzika. Mama mmoja akauliza zitaamka lini. Mke wangu akaniambia nimwite kaka yake, nikakataa katakata. Akamwita mwenyewe.

Shemeji akafungua chujio: tope la kijivu, linametameta. Akaniwekea kiganjani. Afadhali angenitukana. Akamwaga mafuta yote, akasafisha tangi na pampu, akafunga chujio jipya. Kufikia jioni injini ilikuwa inaimba.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amerudi! Akasikiliza injini, akatabasamu, akaniita mwanangu mbele ya watu wote. Shemeji akaendelea kufuta mikono. Ningeishia hapo ningepona. Lakini mama mkwe akauliza nimefanyaje, na mimi kuulizwa swali zuri hivyo siwezi kuvumilia. Nikaanza na watafiti, nikaja kwenye mawimbi ya sauti. Nikamwonyesha na mtandio.

Ndipo yule mama wa jana akaingia na ndoo yake, akauliza kwa upole kama chembe zimeshaamka.

Yote yakatoka. Mama mkwe akamgeukia binti yake, akamwambia amwambie huyu mume wake alete ufunguo. Huyu mume wake! Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

Jumapili, 9 Machi

Shingo nyepesi. Inaniuma, nakiri. Shemeji amepita na ufunguo kiunoni, akanisalimu vizuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Nimetafakari sana na kosa nimelipata. Mfuniko! Ulikuwa mwembamba, alumini hafifu. Mama mkwe ana sufuria kubwa, nene, ya zamani, na mfuniko wake ni mzito ajabu. Leo mchana tumealikwa kwake kula. Tupa nimeshaitia mfukoni.