Mikono Mifukoni

Jumatatu, 4 Machi

Balaa asubuhi na mapema. Kwenye kikao cha walimu, Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa kutazama Sanaa, Muziki na Michezo ya darasa la sita. Yaani mimi! Masomo yote matatu ni yangu, kwa sababu siku yalipogawiwa nilikuwa nyumbani na mafua. Mkaguzi asiporidhika, vipindi vyangu sita vinakwenda Hisabati na mimi napelekwa darasa la kwanza. Watoto sabini, na kila mmoja anataka kwenda chooni.

Mwalimu wa Hisabati, tunayemwita Jumlisha, ameitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kupanga ratiba. Tangu Januari anaazima vipindi vyangu na hajarudisha hata kimoja. Ni kweli mimi mwenyewe ndiye humpa, nipate kusoma gazeti kwenye stoo ya mipira. Lakini hilo halikuwa la kusemwa mbele ya watu, naye leo amelisema.

Jumanne, 5 Machi

Mkaguzi atataka picha ukutani. Nimepekua kabati la Sanaa. Picha mbili za mwaka juzi, na panya amezila pembeni.

Nimepata akili. Nitachora mwenyewe! Kwa mkono wa kushoto, zionekane za watoto. Kichwa: Mchezo Niupendao. Majina nayatoa kwenye daftari la mahudhurio. Nani atajua?

Mama watoto amenikuta nikifanya mazoezi mezani, akauliza kwa nini watoto wasichore wenyewe. Nimemweleza kwamba hao inabidi wafundishwe kwanza, na muda hautoshi. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia mimi naishia Ijumaa tu, siendi mbali.

Jumatano, 6 Machi

Picha kumi na tisa. Mkono wa kushoto umekufa ganzi.

Nimejifungia stoo vipindi vyote vitatu vya leo. Darasa la sita liko uwanjani. Nimempa kiranja wao, msichana mwenye sauti ya kengele, boksi zima la chaki za rangi. Nikamwambia afanye nao chochote, ilimradi wasinigongee mlango. Akauliza, chochote kabisa? Nikasema chochote kabisa.

Siri ya humu ndani: sijui kuchora mikono. Chuoni mkufunzi alisema vidole vyangu ni chane ya ndizi, darasa zima likacheka. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo kila mtu ninayemchora ameweka mikono mifukoni. Inampa heshima.

Alhamisi, 7 Machi

Picha arobaini na moja, zote ukutani! Nimejivunia, sifichi. Jumlisha amepita, akasimama, midomo ikimchezacheza. Wivu huo. Nilipomuuliza alisema anahesabu tu, ni mazoea.

Watoto nje wanaimba na kurukaruka tangu jana. Nimefunga dirisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia kwa kamba. Wapole ndio wa kuogopa. Ametazama ukuta dakika tano nzima. Kisha akauliza, taratibu, kwa nini kipa ameweka mikono mifukoni. Nikajibu mpira ulikuwa bado uko mbali. Na huyu anayepiga ngoma? Nikasema amepumzika. Na hawa wanaovuta kamba? Hapo nikasema siku ile kulikuwa na baridi.

Jumlisha, ambaye hakualikwa, akadokeza kwamba picha ni arobaini na moja na watoto ni arobaini. Mmoja alihama Januari! Na picha ya aliyehama ndiyo niliyoibandika katikati, maana ndiyo iliyonitoka vizuri kuliko zote.

Mwalimu Mkuu akaniangalia. Nikaliona darasa la kwanza. Nikaiona foleni ya chooni. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Mkaguzi akasema chumba kina joto, akafungua dirisha. Kelele zikaingia. Akachungulia, akatoka nje mbio, nasi nyuma yake.

Uwanja mzima umechorwa! Nyayo na viganja vya chaki kutoka mlango wa stoo hadi langoni, vyekundu, vya bluu, vya njano. Mtoto anaruka, mguu kwenye unyayo, mkono kwenye kiganja. Wenzake wanapiga makofi na kuimba wimbo walioutunga wenyewe. Ukipitwa na mapigo, unarudi mwanzo. Sanaa, Muziki na Michezo kwa mpigo mmoja, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, mlango nimeufunga. Kila kiganja kilikuwa na vidole vitano. Nilivihesabu.

Mkaguzi alivua viatu akaruka. Walimrudisha mwanzo mara mbili.

Akauliza nani kawafundisha. Kiranja akasema Mwalimu alituambia tufanye chochote kabisa. Mkaguzi akaandika kitu kirefu.

Uamuzi wake: vipindi sita vinabaki. Jumlisha arudishe vyote alivyoazima. Picha za ukutani zibanduliwe kabla ya saa sita. Na mimi nijifunze kuchora mikono kwa kiranja, nimpelekee yeye mkaguzi michoro kumi, kazi ya mkono wangu mwenyewe, Jumatano.

Jumamosi, 9 Machi

Mama watoto amecheka mpaka ameketi chini. Nimemkumbusha kwamba vipindi nimeviokoa. Amezidi kucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Somo la kwanza, wakati wa mapumziko. Kiranja ana subira kuliko mkufunzi wangu. Ameniambia niweke kiganja juu ya meza, nikitazame kwanza, nisikimbilie kalamu. Mchoro wa kwanza: ndizi. Wa pili: ndizi zilizoiva. Amesema nisikate tamaa, hata mdogo wake wa darasa la kwanza alianza hivyo hivyo. Jumlisha alikuwa dirishani, anahesabu vidole.

Michoro kumi kufikia keshokutwa! Haiwezekani. Lakini nimepata akili. Nimewapa darasa la sita zoezi: kila mtu achore mkono mmoja, vizuri, na asiandike jina. Nitachagua kumi, nitie saini yangu. Nani atajua?

Kiranja ameuliza wachore kwa mkono gani. Nimemwambia wa kulia, bila shaka. Kosa letu la wiki iliyopita lilikuwa kutumia kushoto.