Uzinduzi wa Mashine ya Kutangaza Matabishi

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Gavana, ambaye ametuma salamu badala ya kuja, Bwana Kamanda, wachungaji na mapadri, kwa mpangilio wa kufika, wafugaji mlioteremka kutoka milimani, wakulima wa Katogota, wavuvi wa Makobola, mama zangu wauzaji wa Songo, na ninyi wote ambao protokole haikuwapatia kiti: mimi, Rénovat Ciza, Mratibu wa Muda, sasa mwaka wa tisa, wa Biro ya Uhamasishaji wa Kodi za Kisasa, nawasalimu kwa niaba yangu. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Leo, katika muktadha wa modernizasio ya mfumo wetu wa kodi, na kwa kuzingatia mpango wa miaka mitano ulioanza miaka saba iliyopita, nina furaha isiyotozwa kodi (anangoja kicheko, hakiji) kuzindua mashine ya fakture, ambayo kila mfanyabiashara atapaswa kuwa nayo kabla jua la leo halijazama, na ambayo itatoa karatasi kwa kila kitu kinachouzwa na, nasisitiza, kwa matabishi, yaani ile nyongeza ya bure mnayompa mteja ili arudi.

Kwa maana utafiti niliofanya mimi mwenyewe, nikiwa ndani ya gari, umeonyesha kwamba asilimia themanini na saba nukta tatu ya wauzaji wa ndagala, hivyo visamaki vyetu vya ziwani, wanampimia mteja beseni moja, halafu wanamuongezea konzi moja juu yake. Bure, waheshimiwa. Konzi hiyo haina fakture, haina TVA, ile kodi ya mauzo, haijulikani na Serikali hata kwa jina. Na haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba ni cha Serikali. (Minong'ono. Mzee mmoja anauliza: "Na asipopata matabishi, mteja atarudi kweli?")

Atarudi kwa uzalendo, mzee wangu.

Ndiyo maana wiki tatu zilizopita maajenti wangu walimkuta Mama Charlotte wa hapa Songo akimtilia mteja konzi ya juu, mchana kweupe, tena akicheka, wakafunga depo yake kwa ile karatasi ya muhuri isiyobanduliwa mpaka mwenyewe aonyeshe fakture ya mashine. Sikufurahi. Mimi pia nilizaliwa na mama. (Mama Charlotte anasimama: "Chef, minye sikatae kulipa. Patente ya biashara iko, bakitansi yote ya kodi iko. Ile mashine nimeitafuta mu mji muzima, hakuna muntu anaiuzisha. Ndagala yangu, mifuko kumi na ine, iko ndani, na minerval ya masomo ya batoto iko mulemule. Munifungulie ata saa moja tu, niianike.")

Swali zuri, mama, na kwa kuwa ni zuri litaundiwa komisio. Sheria haianikwi. Ungenunua mashine mapema ungekuwa mfano bora mbele ya mkutano huu, lakini umechagua kuwa mfano wa aina nyingine. ("Aii, weye, uko na roho?" anasema mwanamke mwingine. Mama Charlotte analia bila kujificha.)

Tuendelee. Itazameni kwenye bango hili: inajumlisha, inachapa, inatuma habari Kinshasa hata umeme ukikatika, na tayari imeongeza mapato yetu kwa asilimia mia moja na nne. Nikisema "lipa leo", mjibu "elewa kesho". Lipa leo! (Dereva wake peke yake anajibu: "Elewa kesho.") Matabishi ni siri, Serikali ni wazi! (Dereva anapiga makofi.)

Sasa shukrani. Namshukuru mchoraji wa bango, ambaye mashine hii ameitoa kichwani mwake kwa ustadi mkubwa. Nawashukuru wakubwa wa Kinshasa, ambao tutawaandikia, karatasi ikipatikana, kuwauliza kama kuna mtu anayeweza kuiunda. Nawashukuru maajenti wangu, waliopita mlango wa nyuma wa depo kukagua bidhaa zisiharibike. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Charlotte, kwani ndagala wanayosikia wageni wa heshima ikinukia jikoni, kwa karamu yetu ya leo, ni mchango wake. Usihofu, mama: mifuko yako yote kumi na minne tumeirudisha ndani, mitupu, na iko salama chini ya muhuri.