Mjitoleaji Bora na Kifungu cha Tisa

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa mamlaka niliyopewa na Katiba, Kanuni na Miongozo ya Chama cha Wahamasishaji wa Elimu ya Juu, natangaza kwamba Chama chetu kimempata Mjitoleaji Bora wa Mwaka. Amepatikana kwa haki, kwa uwazi na kwa kura zote. Hakuna mizengwe iliyofanyika. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wanacheka kwenye korido, na mimi, Katibu wa Kamati ya Kuwatambua Waliojitolea, najua vizuri sana wanamcheka nani.

Kwa wasiotufahamu: kazi ya Chama ni kwenda kwenye shule za sekondari, kuwaambia wanafunzi kwamba chuo kikuu si cha watoto wa wengine, kisha kuwasaidia kujaza maombi. Kazi hii hufanyika Jumamosi asubuhi, kwani siku nyingine wanafunzi wako darasani. Vikao vya Kamati Kuu navyo, kwa mujibu wa Katiba, hufanyika Jumamosi saa tatu asubuhi, si siku nyingine yoyote, na haviwi halali asipoviongoza Mwenyekiti mwenyewe. Katiba aliiandika Mwenyekiti mwenyewe. Cheo cha Makamu alikifuta ili kuondoa utata. Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja hakuna kiongozi wetu aliyewahi kukanyaga shule hata moja. Msituite wavivu, ni ratiba zinagongana.

Mwenyekiti ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu mkubwa. Jambo hilo halikuathiri uteuzi wangu hata kidogo. Dada ndiye aliyelishughulikia.

Sasa, mwaka huu wafadhili walitupa basi dogo jipya, lina kompyuta kumi ndani na mtandao wake wenyewe, ili hata shule isiyo na umeme wanafunzi wake waweze kutuma maombi. Kamati ilikaa, ikatafakari kwa kina, ikaona ni hatari gari kama hilo kuanza kutumika hivihivi. Tukaazimia liwe zawadi. Mjitoleaji Bora atakabidhiwa funguo kwa mwaka mzima. Kwa kuisubiri siku hiyo likafungwa utepe mwekundu, likaegeshwa nyuma ya ofisi, na viti vyake tukaviacha na nailoni.

Wakati huo kila mtu alijua mshindi ni nani. Yuko mama mmoja, mhudumu wa maktaba ya chuo, wanafunzi wanamwita Mama Fomu. Kila Jumamosi, tangu Chama kianze, huwa yuko shuleni. Anapanga viti, anajaza fomu, anawatafutia vyeti vya kuzaliwa walivyopoteza, anawatuliza wazazi. Hakuna aliyemtuma. Nilipopekua daftari la mahudhurio sikuona saini yake hata moja, kwa sababu daftari linakaa ofisini na husainiwa Jumamosi saa tatu. Kiofisi, mama huyu hajawahi kufanya kitu. Lakini walimu wakuu kumi na wanne walileta barua za kumpendekeza, na barua ni barua.

Mwenyekiti akaona tusimwachie gari hivihivi, asije akaota pembe. Tukaandika Kifungu cha Tisa. Mshindi, yeye binafsi na si mwakilishi wake, atafika shuleni kila Jumamosi saa mbili asubuhi kwa wiki arobaini. Atapanga viti kwa mikono yake. Hataondoka mpaka mwanafunzi wa mwisho atume maombi. Atafuatana na shahidi atakayemteua mwenyewe. Akikosa mara moja bila cheti cha daktari, atapoteza tuzo pamoja na nyadhifa zake zote ndani ya Chama.

"Nyadhifa gani?" niliuliza. "Mama yule hana hata ya kugonga kengele."

"Shemeji, weka tu," alisema Mwenyekiti. "Kifungu kikiwa kirefu kinaheshimika."

Nikaweka. Kanuni zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, mahali ambapo sisi hatufiki.

Basi bwana, ikaja barua kutoka wizarani. Mkurugenzi atakuwa Mgeni Rasmi, atakabidhi tuzo kwa mkono wake, na televisheni itakuwepo. Mwenyekiti aliisoma barua ile mara mbili, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa maandishi yoyote. Akavua miwani.

"Katibu," akasema, "kujitolea ni nini hasa?"

Nilielewa papo hapo. Jumamosi iliyofuata, wiki moja kabla ya sherehe, Kamati Kuu ilikutana kupitia upya Kifungu cha Tatu, kinachoeleza sifa za mshindi. Tulikubaliana kwamba kupanga viti ni kujitolea kwa ngazi ya chini. Kujitolea kwa ngazi ya juu ni kukaa kikaoni, kwa sababu anayekaa kikaoni anajinyima nafasi ya kwenda kujitolea. Kwa kipimo hicho hakuna aliyejinyima kuliko Mwenyekiti. Mjumbe wetu mzee, mwalimu mstaafu ambaye tunamwita Naungamkono kwa sababu zilizo wazi, aliunga mkono kabla sijamaliza kusoma.

Hapo mlango ukagongwa. Akaingia Mama Fomu, ametoka shuleni mbio, kitenge kiunoni, jasho usoni, mkononi ameshika bahasha nene.

"Shikamooni," alimwamkia Naungamkono na wenzake wa rika lile. "Samahani kwa kuwakatiza. Nina watoto thelathini na mmoja kwenye shule ya kule juu mlimani. Mtandao haufiki. Dirisha la maombi la kanda yao linafungwa Jumamosi ijayo saa kumi na moja jioni. Wakikosa, ni mpaka mwakani, na wengine mwakani hawapo, watakuwa wameshaozeshwa au wako machimboni. Naomba gari. Siku moja tu."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, na ana huruma nzuri sana, inaonekana hata kwenye picha.

"Mama, gari lile lina utepe," alisema.

"Utepe unafunguka, baba."

"Utafunguliwa Ijumaa, na Mgeni Rasmi. Huo ndio utaratibu. Baada ya hapo ni la mshindi."

"Na mshindi lazima aende nalo shuleni Jumamosi hiyohiyo?"

"Kwa mujibu wa kanuni, kila Jumamosi."

"Na nimesikia dirishani kwamba mnabadilisha Kifungu cha Tatu, mshindi awe wewe."

Nikakohoa. Mwenyekiti akarekebisha tai. "Wanachama wanapendekeza," alisema. "Mimi ni nani wa kuwazuia?"

Mama Fomu alisimama pale, ananyoosha kona za bahasha yake. Nilimwona anafikiri. Nikadhani atalia, na nikaanza kutafuta kifungu kinachohusu kulia kikaoni.

"Na Kifungu cha Tisa?" aliuliza. "Mnakiacha kilekile?"

"Mama, hapa tunajadili mambo ya msingi," alisema Mwenyekiti. "Vifungu vilivyobaki vichukuliwe kuwa vimesomwa."

"Naunga mkono," alisema Naungamkono.

Msomaji asishangae. Ndivyo tunavyofanya kazi. Kumbukumbu za kikao kilichopita, ripoti, barua, vyote kwetu huchukuliwa kuwa vimesomwa, la sivyo tungekuwa bado kwenye kikao cha kwanza.

"Vizuri," alisema Mama Fomu. "Basi mimi najitoa kwenye kinyang'anyiro. Namuunga mkono Mheshimiwa Mwenyekiti. Katibu, andika."

Tuliguswa, nasema ukweli. Wajumbe walipiga makofi. Mwenyekiti alimshika mkono, akamwambia Chama kinahitaji watu wanaojua nafasi zao. Niliandika kwenye kumbukumbu, kwa herufi kubwa, kwamba amejitoa kwa hiari yake na akiwa na akili timamu. Alipokuwa anatoka nilimwona anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nikajua ni jasho, ingawa mabega yalikuwa yanatikisika.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Dada yangu alikaa mstari wa mbele, amevaa nguo iliyoshonwa mahsusi kwa kukaa mstari wa mbele. Niliita jina la mshindi, Mwenyekiti akajifanya kushtuka kwa namna tuliyoifanyia mazoezi siku tatu. Akapokea kikombe. Akapokea funguo. Kisha akashika kipaza sauti mbele ya kamera, akaona kushukuru tu hakutoshi.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ikamtetemeka vizuri, "mimi moyo wangu uko kwa wale watoto. Hata mkiniambia nipande mlimani kila wiki, nitapanda! Hata mkiniambia nibebe viti kichwani, nitabeba!"

Makofi yalilipuka. Nyuma kabisa Mama Fomu alikuwa anapiga yake juu ya kichwa.

Sasa, tatizo la Mkurugenzi yule, na nitalitaja kwenye ripoti yangu kwa wizara, ni kwamba ni mama anayesoma. Wengine wakipewa faili hulifungua, wakatabasamu, wakalifunga. Yeye alivaa miwani.

"Mwenyekiti, nimefarijika sana," alisema, "maana nilidhani hiki Kifungu cha Tisa ni cha kupamba karatasi. Naomba nikisome, wananchi huko nyumbani wasikie."

Akakisoma chote, polepole, na kila koma akaipa haki yake. Alipofika kwenye wiki arobaini Mwenyekiti alinigeukia. Alipofika kwenye viti, rangi ilikuwa imemtoka. Alipofika kwenye nyadhifa zote, alikuwa amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili.

"Kesho ni Jumamosi," alisema Mkurugenzi. "Shule ya kwanza ni ipi?"

"Ya mlimani, mheshimiwa!" ilitoka sauti nyuma ya ukumbi. "Watoto thelathini na mmoja! Saa mbili kamili!"

"Na shahidi?"

Mwenyekiti hakufikiri hata nukta moja. Alininyooshea kidole. "Katibu," alisema. Halafu, akiwa bado anazitabasamia kamera, akaninong'oneza: "Ulikiweka wewe, shemeji. Tumo wote."

Nilimtazama dada mstari wa mbele. Alikuwa anaangalia kucha zake.

Sitasimulia sana ya Jumamosi. Gari liliishia chini ya mlima kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, na viti sitini vya plastiki vilikuwa ndani ya gari. Mama Fomu alitutangulia na kompyuta mbili na kile kifaa cha mtandao cha gari mgongoni, anatembea kana kwamba mlima umelazwa. Mwenyekiti alibeba viti kichwani. Si viwili vitatu. Mkurugenzi alikuwa ametuma mpiga picha.

Shuleni wanafunzi walikuwa wanangoja tangu alfajiri, wamevaa sare zilizopigwa pasi, kila mmoja na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenyekiti alipewa meza. Akaketi mbele ya msichana mmoja mwembamba anayetaka kusomea uuguzi, akaitazama ile fomu kwenye kioo. Miaka kumi na moja anaongoza Chama cha kujaza fomu, na hapo ndipo alipoiona fomu kwa mara ya kwanza.

"Babu, bonyeza hapa kwanza," alisema yule msichana kwa adabu zote. "Hapana, hapo unafuta. Usiogope, tutaanza upya."

Walianza upya mara nne. Saa kumi na dakika arobaini fomu ya thelathini na moja ikaenda. Darasa zima lilipiga kelele, walimu wakakumbatiana, na Mama Fomu akakaa chini, akavua viatu, akacheka mpaka akalia. Nami, nisiseme uongo, nilipangusa macho kwa tai. Kwenye ripoti nimeandika ni vumbi.

Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na Jumatatu nilianza kushughulikia marekebisho ya dharura ya Kifungu cha Tisa. Kanuni inaweza kurekebishwa na Kamati Kuu peke yake. Kamati Kuu hukutana Jumamosi saa tatu asubuhi, si siku nyingine yoyote. Kikao si halali asipokiongoza Mwenyekiti mwenyewe, na Jumamosi saa tatu Mwenyekiti mwenyewe yuko shuleni, ana viti kichwani. Siku ya kikao inaweza kubadilishwa, ndiyo. Inabadilishwa kwenye kikao.

Nikaenda maktaba. Mama Fomu alikuwa anagonga mihuri kwenye vitabu, tap, tap, wala hakuinua kichwa.

"Mama," nilimwambia, "mwandikie Mkurugenzi. Sema kulikuwa na kasoro ndogo, tuzo ni yako. Barua zako kumi na nne ninazo. Gari chukua, kikombe chukua."

"Mimi nilijitoa, mwanangu," alijibu. "Kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu. Uliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa."

"Mama, zimebaki Jumamosi thelathini na tisa! Mgongo wangu haukunjuki. Shemeji hasemi na mimi. Dada anasema tutapendeza tukipungua, anataka iwe kila mwaka."

Alifunga kitabu, akanitazama kwa huruma ya kweli, ile isiyotoka vizuri kwenye picha. Akaniambia Jumamosi hii nivae viatu vya kamba, kwa sababu shule inayofuata iko ng'ambo ya mto na daraja lake lina mbao chache.

"Lakini ombi langu, mama? Unalisemaje ombi langu?"

Akavuta kitabu kingine, akainua muhuri.

"Lichukuliwe kuwa limesomwa," akasema, na akagonga.