Tambarare Kiasi

Hakuna mtu aliye hai anayeijua barabara ya baiskeli ya vilimani kama mimi! Naijua kona kwa kona, daraja kwa daraja, mpaka mahali mbuzi wanapopenda kulala. Kuipita kwa baiskeli tu ndiko sikuwahi.

Msinicheke mapema. Mimi ni mwandishi wa vijitabu katika ofisi ya utalii, chumba namba nne, dirisha linalotazamana na ukuta. Huko vilimani nilipita mara moja, ndani ya gari la ofisi, tena tukishuka, na nusu ya safari nilikuwa nimesinzia. Nikarudi nikaandika: “Barabara tulivu, mandhari ya kuvutia, tambarare kiasi, yafaa hata kwa wazee.” Hilo la wazee lilinijia tu. Niliona sentensi imekuwa fupi.

Wiki mbili baadaye Mkuu akaniita. Ni mama asiyecheka bure.

“Chama cha walimu wastaafu wamesoma kijitabu chako. Wanakuja Jumamosi, watu tisa. Utawaongoza wewe.”

“Mimi?”

“Si unaijua njia? Wakiridhika, ile nafasi ya mkuu wa kitengo tutaizungumza. Ripoti wataandika wao.”

Jamani, nafasi hiyo nilikuwa naimezea mate miaka mitatu! Nikafika nyumbani kifua mbele.

“Kuanzia Jumamosi,” nikamwambia mke wangu, “utaniita Mkuu.”

“Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa lini?”

“Mwili haujasahau.”

“Mwili upi? Huu ninaoushonea vifungo kila wiki?”

Nikampuuza. Shemeji akaniazima baiskeli yake ya mashindano, yenye magurudumu membamba kama visahani, pamoja na kaptura iliyonibana mpaka sauti ikapanda.

Jumamosi asubuhi walimu wakafika. Mwalimu wa jiografia, bibi wa miaka sabini na mbili, alikuwa na sketi ndefu na baiskeli nzito yenye kikapu mbele. Nikawaonea huruma, masikini mimi!

“Wazee wangu,” nikawatangazia, “atakayechoka anyooshe mkono. Msione haya, nitawasubiri.”

“Ahsante, mwanangu,” wakaitikia kwa pamoja.

Kilomita mbili za kwanza zilikuwa mteremko. Nikaongoza mkono mmoja ukiwa hewani, nikiwaonyesha vilima kana kwamba nimevipanga mwenyewe. Kisha tukapinda kona, na barabara ikasimama wima!

Nikabadili gia. Nikabadili tena. Gia zikaisha, mlima ukabaki. Mapaja yakawaka moto, kaptura ikanikaba, na pumzi ikawa inatoka bila kurudi. Hapo ndipo nilipong’amua kwamba mlima hausomi vijitabu.

Walimu wakanipita mmoja mmoja, wakipiga soga kuhusu wajukuu. Wa jiografia akapunguza mwendo kunisubiri.

“Hapa kijitabu kinasemaje, mwanangu?”

“Tam... tam...”

“Tambarare?”

“Kiasi!”

“Aa. Mimi nimefundisha shule ya kule juu miaka thelathini na moja. Nilikuwa napanda hapa kila asubuhi na madaftari sitini kwenye kikapu. Leo naona pepesi kweli.”

Nilimwandikia yeye kijitabu cha njia yake! Sikuuliza mtu hata mmoja. Aibu ikanishika, lakini miguu ilikuwa na shida kubwa kuliko aibu. Nikanyoosha mkono.

“Ndiyo, wewe hapo nyuma,” akasema mwalimu wa hesabu. “Simama useme.”

“Naomba... kupumzika.”

“Ungojee kengele.”

Wakacheka, kisha wakanihurumia. Wa hesabu akaja kushoto, wa michezo akaja kulia, kila mmoja akaniwekea kiganja mgongoni, nikasukumwa mpaka kileleni kama mkokoteni wa viazi. Ile mandhari ya kuvutia ilikuwepo kweli, waliisifia sana. Mimi niliona majani tu, tena kwa karibu, maana nilikuwa nimelala kifudifudi.

“Walimu wangu,” nikawaomba nikiwa hapo hapo chini, “ripoti yenu ndiyo maisha yangu.”

“Usihofu,” akasema bibi wa jiografia. “Tutaandika ukweli.”

Usingizi niliupata kwa shida kuanzia hapo.

Jumatatu nikaingia kwa Mkuu nikitembea kama nimevaa suruali ya mbao. Ripoti ilikuwa mezani.

“Wameridhika kabisa,” akasema. “Wanasema kijitabu hakina uongo. Njia kweli yafaa wazee.”

Moyo wangu ukaruka! “Basi ile nafasi, Mkuu?”

“Ile inataka mtu anayejisukuma mwenyewe. Chukua kalamu. Wameomba uongeze mstari mmoja chini ya hapo penye wazee.”

Nikachukua kalamu. Akavaa miwani, akanisomea taratibu, neno kwa neno, kama imla ya darasa la pili:

“Vijana... waje... na mzazi.”