Yai Lililokataa Kumenywa

Leo nimeumbuka. Chanzo ni neno moja nililolitamka alfajiri nikiwa bado na usingizi: "Haya."

Mke wangu alikuwa anakwenda msibani Kitangari. Akanionyesha ndoo. "Baba Asha, maji haya usiyaguse. Jana nimepanga foleni bombani mpaka magoti yakanilia." Nikasema haya. (Ningesema, "Subiri kwanza mama, nina mayai ya kupoza," leo ningekuwa mtu wa heshima.)

Tangu biashara iwe ruksa, nyumba za wageni zimechipuka Newala kila kona. Mwenye mojawapo, Mama Neema, alitafuta mtu wa kumletea mayai ya kuchemsha kila asubuhi. Tangu nipunguzwe kazini, mimi na mke wangu tumeiombea nafasi kama hiyo. Leo nilitakiwa kupeleka ya kuonja.

Nikachagua mayai ya asubuhi hiyo hiyo, bado yana joto la kuku. Yai jipya namna hiyo hung'ang'ania ganda, najua. Dawa yake pia naijua: likitoka motoni, litumbukize kwenye maji baridi. Ya kuchemshia nilipata yaliyobaki kwenye birika, lakini ya kupozea yalikuwa yale ya ndoo tu, na mimi nimeshasema haya. Basi nikayapepea kwa ungo. (Ndiyo. Mayai. Kwa ungo.)

Barazani kwa Mama Neema walikaa wanunuzi wa korosho waliopanda kutoka Masasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mayai ya leo leo haya!"

"Hebu tumenyee moja," akasema Mama Neema.

Nikagonga. Nikamenya. Ganda likabanduka na vipande vya weupe, yai likabaki mashimo mashimo! Nikachukua la pili. Hilo likabaki kiini kitupu, kimekaa kiganjani kinanitazama.

"Mzee, yai hili limeugua ndui?" akauliza mnunuzi mmoja.

"Mwache," akadakia mwenzake. "Mmakonde huyo, anachonga kinyago!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, nisiachwe peke yangu. Asiyecheka alikuwa Mama Neema, na hapo ndipo paliponiuma.

"Baba Asha, wageni wangu wanawahi basi. Hawana muda wa kuchonga. Pole, nitatafuta mtu mwingine."

Jioni mke wangu akarudi. Nikamweleza yote. Akaitazama ndoo, imejaa pomoni.

"Kwani mayai yanakunywa maji? Ungeyapoza humo, kisha tungechemshia kunde."

Tukakaa kuyala yale mayai kwa kijiko, tukitema vipande vya maganda. Akaanza kucheka, nikacheka naye, tukacheka mpaka machozi. Halafu akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo kazi imekwenda?"

"Imekwenda, mama."

Chekeni na ninyi, sikatazi. Ndoo haikupungua hata tone. Nilichopoteza ni ile kazi ya kila asubuhi, iliyokuwa itulishe uzeeni.