Kichuguu cha Raymundi

Jumatatu, 8 Septemba

Habari kubwa! Mama Theodora, mnunuzi wa divai kutoka Dodoma, anakuja hapa Ntalikwa Ijumaa. Anataka divai ya shamba moja tu, isiyochanganywa na ya jirani, na jina la mwenye shamba litaandikwa kwenye chupa. Jina langu, Leodgar, kwenye chupa!

Mpinzani ni mmoja: binamu yangu Raymundi. Babu yetu, katekista, alipewa vipando vya mizabibu na misheni. Nusu akapanda kwenye kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, nusu bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga. Alipofariki, Raymundi akarithi kichuguu. Mimi matope. Kiangazi yanapasuka nyufa za kumeza mguu, masika yanavua watu viatu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Raymundi kupeleleza. Nilimwamkia mama yake, shangazi Mektilda. Akaitikia marahaba, kisha akauliza nimekuja kuazima nini.

Raymundi alinionjesha divai yake. Nyepesi, ina harufu ya maua. Alisema siri ni udongo: mizizi ya babu imeshuka kichuguuni miaka mingi na inakunywa vilivyomo. Anajisifu kama vile yeye ndiye mchwa. Nilitabasamu. Moyoni naungua.

Jumatano, 10 Septemba

Akili imefunguka! Kama siri ni udongo, ya nini kuisubiri mizizi?

Nilimwambia shangazi nataka udongo wa kichuguu wa kukandikia jiko la Levina, mke wangu. Akanijazia gunia. Nimeuponda, nimeuchekecha kwa chekeche la unga, nimeutia wote kwenye pipa pekee la divai yangu. Nikakoroga. Povu! Ishara njema. Wajawazito wa Tabora nzima wanakula udongo huu bila malalamiko, sembuse mnunuzi wa Dodoma.

Levina alilikuta chekeche lake. Nilipomweleza, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila mimi hata kabla ya kusifiwa nimelitia kichuguu. Mke mwema, ila biashara haijui.

Alhamisi, 11 Septemba

Divai ina rangi ya mto baada ya mvua ya kwanza. Haitulii. Nimeichuja kwa kitenge cha Levina. Kumbe ni kile cha Pasaka. Hatuongei. Sitishiki, kesho kutwa atakuwa mke wa mtu maarufu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Theodora amefika. Alionja ya Raymundi, akasema ni nzuri, lakini za namna hiyo anazo nyingi. Nusura nirukeruke. Zamu yangu! Alikunywa. Akatafuna. Akatafuna tena! Akaomba maji ya kusukutua, kisha akasema kwa upole kwamba hajawahi kuletewa divai inayosaga meno. Raymundi alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo Levina akatoa chupa aliyoijaza pipani Jumatatu, ya kumpelekea mama yake. Mama Theodora alionja, akafumba macho. Hii! Nzito, kali, ina chumvi kwa mbali. Akasema mizabibu mizee iliyohangaika kwenye udongo mweusi ndiyo inayotoa ladha hiyo, na hajaikuta kwingine kokote. Akauliza pipa la divai hiyo liko wapi.

Levina alinitazama. Raymundi alinitazama. Nikalionyesha pipa.

Mama Theodora alichungulia ndani, akarudisha kifuniko. Hatimaye akasema atarudi mavuno yajayo, na jina langu litakaa kwenye chupa kwa sharti moja: nisiongeze kitu, nisipunguze kitu. Niliapa mbele ya wote. Halafu nikaenda nyuma ya choo kulia kidogo.

Jumapili, 14 Septemba

Wakati wa mahubiri nimetafakari kwa kina, na nimejifunza. Kosa langu halikuwa kutia udongo. Kosa lilikuwa kutia udongo wa Raymundi. Kumbe mweusi ndio wenyewe! Na kama huu mweusi wetu wa kawaida umemfumbisha macho mama yule, je, ule wa Igunga, mweusi kama tako la sufuria?

Nimeshaongea na Ngassa, dereva wa lori la pamba. Analeta magunia Jumanne. Levina asijue. Chekeche nimeazima kwa shangazi.